Hedifoni ya Sikio Moja

Niliingia Mbeya siku ya nne ya safari, nimekaa juu ya magunia ya chumvi, redio yangu nimeifunga tumboni kwa shuka ili isigongwe. Kutoka Tabora treni ilinifikisha Itigi. Kutoka Itigi nilipanda lori lililoshika njia ya Rungwa, msitu mtupu, siku nzima bila kukutana na gari jingine. Kwenye kizuizi cha mbung'o mtu mwenye wavu alizunguka lori, akapekua turubai na nguo zetu, kisha akaigusa shuka yangu.

"Humu ndani mna nini?"

"Redio."

"Iwashe."

Niliiwasha. Ilikoroma, ikatoa muziki kidogo, ikakoroma tena. Yule bwana akatikisa kichwa. "Mbung'o hawezi kukaa humo," akasema. "Atakufa kwa kelele."

Lori zima lilicheka isipokuwa mimi. Redio ile nilikuwa nimeiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, miaka miwili ya mwisho ya sekondari, na ndiyo ilikuwa mali yangu yote.

Sasa nimepita miaka arobaini na nimehama miji mingi kuliko vidole vyangu, lakini baridi ya asubuhi ikinigusa masikio naikumbuka saa ile tuliposhuka kutoka Chunya, na Mbeya ikaonekana chini, moshi wa majiko umelala juu ya mabati. Kitu cha kwanza nilichosikia pale mjini kilikuwa honi. Gari la rangi ya maziwa lilipita karibu na soko, spika mbili za honi juu ya paa, na sauti nzito ya mtu mzima ikatoka humo: "Leo saa moja jioni, picha ya kauboi. Mwenye mke aje na mke. Mwenye ugomvi auache nyumbani, huku ugomvi tunao wa kutosha."

Honi ya kulia ilikuwa inakwaruza. Nililifuata gari kwa miguu mpaka liliposimama, nikamwambia mwenye gari kwamba waya umelegea. Nilikuwa na njaa, na kasoro ile niliijua. Jioni hiyo nikawa nimepata kazi.

Tulikuwa watatu. Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara wa hapo mjini, babu zake walitoka pwani, mtu mfupi msafi asiyekosa kofia yake ya kufuma. Tulimwita Tajiri, ingawa siku zile za Ujamaa lilikuwa neno la kutamka kwa uangalifu. Yeye aliendesha gari na kuzungusha mashine ya picha. Mimi nilishika sauti: amplifaya, honi, nyaya zote. Wa tatu alikuwa mfasiri.

Watoto wa siku hizi hawajui kazi ya mfasiri. Picha zilikuwa za Kiingereza na za Kihindi, na watazamaji wetu walikuwa wakulima na wafugaji ambao hata Kiswahili wengi walikuwa wamejifunza ukubwani. Mfasiri aliketi mezani karibu na mashine, maiki mkononi, hedifoni kichwani ili asikie maneno ya picha bila kuzuiwa na ngurumo ya jenereta. Stelingi, yule shujaa wa picha, akisema, yeye alisema baada yake. Mimi nilipunguza sauti ya picha alipofungua mdomo na kuipandisha alipofunga. Mzee wetu, Mnyakyusa aliyewahi kupika nyumbani kwa Wazungu na kwa Wahindi, alikuwa bingwa wa kazi hiyo kutoka Mbeya mpaka Iringa. Tena hakufasiri tu. Aliwauliza watu: "Aingie humo ndani, asiingie?" Watu wakajibu, yeye akawajibu, na katikati ya hayo stelingi naye akapigwa risasi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelisamehe likikosekana. Mtu mzima akifika uwanjani, hata picha ikiwa katikati, aliamkia kwa sauti, na mfasiri aliitikia kwenye honi kwa lugha ya mtu huyo. Ubaruku hivyo, Igowole hivyo, Iringa hivyo. Mzee alijua maamkizi ya makabila saba. Watu walisema picha haijaanza mpaka Mzee akuitikie.

Miezi michache baada ya mimi kufika, Mzee alianza kuchelewa. Stelingi alikwisha kusema maneno matatu, Mzee alikuwa bado kwenye la kwanza. Mara nyingine aliinua kikombe cha hedifoni, akakirudisha, akainua tena, kama mtu anayesumbuliwa na nzi. Watu wakaanza kuguna. Tajiri aliona.

"Kimoja kimechoka," aliniambia asubuhi moja tukiwa tunasafisha lenzi. "Ama hedifoni, ama mtu. Tubadilishe hedifoni kwanza. Kachague nzuri, wewe umesoma. Na isiposaidia, maiki utashika wewe."

"Mimi, Tajiri?"

"Kiingereza cha fomu foo unakipeleka wapi?"

Ningependa kuandika kwamba nilikataa moyoni papo hapo. Sikukataa. Nilikuwa nimekwisha kuijaribu sauti yangu peke yangu bafuni, nikitumia kopo la maji kama maiki.

Niliifungua ile hedifoni ya zamani nyumbani kwa Mzee, kwenye kibaraza, kwa betri ya tochi. Ukigusisha nyaya kwenye betri, spika nzima hutoa mlio mdogo, tk. Ya kulia ilisema tk. Ya kushoto, ambayo Mzee alikuwa akisema imekufa, nayo ilisema tk, wazi kabisa. Nikarudia. Mzee alikuwa ameketi kando yangu akimenya ndizi.

"Mzee, hii ya kushoto nzima."

Aliendelea kumenya. Nikadhani hakunisikia, nikaona kwamba nilikuwa nimekaa kushotoni kwake. Nikazunguka.

"Nimekusikia mara ya kwanza," alisema. "Nilikuwa natafuta la kukujibu." Akaweka kisu chini. "Sikio ndilo limezimika, mwanangu. Tangu masika. Miaka yote nimekaa na honi upande huo."

Halafu akanieleza kazi yake kwa namna ambayo sikuwahi kuielewa. Zamani alivaa hedifoni sikio moja tu. Sikio la kulia lilikuwa la picha, la kushoto lilikuwa la watu. Sasa lilibaki moja, na kazi mbili. Akilifunika, watu wanapotea. Akilifunua, stelingi anapotea.

"Tajiri akijua, nimekwisha," alisema. "Kupika siwezi tena, macho ya moshi sina. Usimwambie. Niapie."

Nikaapa. Sikumwambia kwamba mtu atakayepewa maiki ni mimi. Naye hakuniuliza.

Duka la vifaa vya redio lilikuwa jirani na stendi, na fundi wake alikuwa mtu wa maneno. Aliweka mezani hedifoni tatu. Ya kwanza ilikuwa ya simu za reli, iliyopatikana kwenye kambi za ujenzi, chuma kitupu, sauti nyembamba kama ya mbu. Ya pili ilikuwa nyepesi, sponji tupu masikioni, sauti nzuri lakini ukiivaa bado unasikia baiskeli zinazopita nje. Ya tatu ilikuwa nzito, vikombe vya ngozi vilivyojaa, vikibana sikio lote.

"Hiyo ndiyo mwisho wa maneno," alisema fundi. "Ukiivaa, hata mkeo akikuita husikii. Mimi yangu siitoi kichwani mwisho wa mwezi."

Mzee aliivaa. Fundi akaweka santuri ya mazungumzo ya Kiingereza, ya kujifunzia lugha. Mzee alifumba macho, na midomo yake ikaanza kwenda, akifasiri kimoyomoyo, bila kuchelewa hata neno moja.

"Mwanangu, namsikia mpaka anavyovuta pumzi."

"Na ile ya sponji?" fundi aliuliza.

"Ya sponji inavujisha," nilisema mimi, kwa sauti ya mtu aliyesoma fizikia. "Sauti safi ni ile isiyoingiliwa." Nikachagua ya ngozi. Nilikuwa nimeambiwa kwa kinywa chake mwenyewe kwamba sikio lile moja lilikuwa na kazi mbili, nami nikalinunulia mlango wa kufungwa. Nimejiuliza mara nyingi kama lilikuwa kosa la kitoto au kama sehemu fulani yangu ilijua.

Safari ya kwanza na hedifoni mpya ilikuwa Ubaruku, mpunga ulipokuwa umevunwa na mashine za kukoboa zikilia mchana kutwa. Uwanja ulijaa. Wasangu wa hapo walikaa mbele, na nyuma yao familia za wafugaji waliokuwa wamehamia bondeni kutoka kaskazini, watu warefu wenye fimbo. Picha ilianza, na kwa robo saa Mzee alikuwa vile alivyosifiwa. Hakuchelewa. Tajiri alinigeukia kutoka kwenye mashine akainua kidole gumba.

Kisha mzee mmoja wa wale wafugaji akafika, na nyuma yake wanawe na wajukuu. Akasimama kando ya meza yetu, upande wa kushoto.

"Mwadila," aliamkia.

Mzee alikuwa akisema: "Stelingi anamwambia adui, leo hutoki."

"Mwadila," tena, kwa sauti kubwa zaidi. Watu wa karibu walinyamaza. Mimi nilikuwa nimezuiliwa na nyaya ng'ambo ya amplifaya, nikanyoosha mkono nimguse Mzee, sikumfikia.

Mara ya tatu uwanja mzima ulisikia. Uwanja mzima ukasikia pia honi ikijibu: "Na adui anasema, we nani kwangu?"

Haikuwa imekusudiwa kwa mtu yeyote pale. Lakini yule mzee alisimama kidogo, akageuka, akapita taratibu mbele ya mwanga wa mashine. Kivuli chake na cha fimbo yake vikajaa kitambaa chote. Familia yake ikamfuata, vivuli juu ya vivuli, na stelingi hakuonekana tena.

"Mfasiri anaringa siku hizi," mtu alisema gizani.

"Ana hedifoni mpya, atakuona wewe?"

"Zimeni hiyo picha."

Donge la udongo likagonga kitambaa, la pili likagonga mguu wa mashine. Tajiri alimvua Mzee hedifoni kwa mkono wake, akachukua maiki, akanisukumia mimi. Nilisimama. Niliamkia kwa lugha ya wale wafugaji, vibaya, nikaomba radhi, nikasema kosa ni la mitambo, na kwamba mitambo nimeichagua mimi, kwa hiyo mwenye donge la tatu alitupe huku. Mtu akacheka. Wengine wakafuata. Nikafasiri picha mpaka mwisho, na watu wakacheka mara nyingi, na kila walipocheka nilihisi joto zuri linapanda kifuani. Halafu nikamwona Mzee. Alikuwa ameketi na hedifoni mapajani, sikio lake zima limeelekezwa kwangu, anasikiliza vicheko.

Yule mzee wa wafugaji hakurudi.

"Iringa," alisema Tajiri tulipokuwa tunakunja kitambaa. "Kihesa, Jumamosi. Nitasikiliza mwenyewe. Baada ya hapo nakata shauri."

Katikati yetu na Kihesa kulikuwa na Igowole, na Igowole ukungu ulikataa. Tulifunga kitambaa, tukawasha mashine, na picha ikajichora hewani kwenye ukungu nusu ya njia, stelingi akielea juu ya vichwa vya watu. Watoto walifurahi, watu wazima wakaenda nyumbani. Siku mbili tulikaa pale kwenye nyumba ya wageni tukingoja ukungu na mvua viishe. Siku ya kwanza sikufanya kitu. Niliitazama hedifoni iliyokuwa juu ya kitanda cha Mzee, na yeye alinitazama mimi.

"Ulifanya vizuri Ubaruku," alisema. "Lile la donge la tatu. Mimi nisingelifikiria."

Hakulisema kwa uchungu. Ingekuwa rahisi kwangu kama angelisema kwa uchungu.

Asubuhi iliyofuata nilifungua redio yangu. Nilitoa sehemu inayokuza sauti, nikaacha boksi wazi kama samaki aliyepasuliwa. Nikafungua kikombe cha kushoto cha hedifoni, nikang'oa spika yake, nikaibana kwenye kikombe cha kulia karibu na mwenzake. Spika mbili, sikio moja. Moja ingeleta picha. Ya pili ingeleta watu, kwa maiki yetu ya akiba, kupitia ubongo wa redio yangu. Kikombe cha kushoto nilikijaza sufi ya mto, kiwe kizito kama zamani, mtu asijue. Kwenye waya wa picha nilifunga fundo moja la uzi, kwenye waya wa watu mafundo mawili, ili Mzee aweze kuzitambua kwa vidole. Kitufe cha kuongezea sauti ya watu nilikiweka upande wake.

"Na redio?" Mzee aliuliza.

"Ilikuwa inakoroma."

Sikuwa nimeijaribu na umati. Chumbani, na mvua juu ya bati, ilifanya kazi. Lakini chumba si uwanja, na nilijua kwamba maiki ya akiba ikisikia honi kuliko watu, Mzee atajazwa sauti yake mwenyewe sikioni na hatasikia chochote. Kihesa nilitafuta debe tupu, nikalilaza ubavu chini ya kiti katikati ya uwanja, mdomo umeelekea walikokaa watu, kitako kimeelekea honi, na maiki ndani yake. Kijasho kilinitoka ingawa upepo wa Iringa ulikuwa unakata.

Watu walijaa. Picha ikaanza. Tajiri aliwasha mashine, akakunja mikono, akasimama nyuma ya Mzee.

Dakika tano. Kumi. Mzee alifasiri bila kuchelewa, lakini hakuna aliyemwambia neno, na mimi nilikuwa nangoja huku nimeuma ulimi. Kisha kutoka nyuma kabisa ikaamkia sauti ya mwanamke mzee, nyembamba, ambayo hata mimi niliisikia kwa shida.

"Kamwene."

Mkono wa Mzee ulikwenda kwenye kitufe.

"Kamwene, mama, kamwene," ikasema honi. "Umechelewa, stelingi amekuulizia mara mbili. Mpisheni mama akae."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Baada ya hapo walimwagia maneno, naye aliyadaka yote. Kijana mmoja akasema farasi yule amekonda. Mzee akamjibu, "Hata wewe ungekonda, kazi ni yake, sifa ni za stelingi." Sijapata kuona mfasiri akifanya kazi vile, kabla wala baada. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba maiki ile nilikuwa naitaka.

Wakati wa kubadilisha mkanda, Mzee alivua hedifoni, akasimama kunywa chai. Tajiri akaichukua, akaivaa. Nilimwona akisikiliza. Akakunja uso. Akaigeuza, kulia kushoto, kushoto kulia, akasikiliza tena, kikombe kimoja kikiwa kimya. Kisha akaiweka mezani pole pole na kusogea karibu na Mzee, bega kwa bega, upande wa kushoto.

"Mzee," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mzee alipuliza chai yake.

Nilikohoa nimwonye. Nilikuwa upande uleule, naye hakusikia hata kikohozi changu.

"Mzee," alisema Tajiri tena. Kisha akarudi kwenye mashine akafunga mkanda, na picha ikaendelea mpaka ilipokwisha na watu wakatawanyika wakiiga sauti za picha.

Aliniita asubuhi, baada ya sala, nje ya nyumba tuliyofikia.

"Kuanzia safari ijayo maiki ni yako. Mzee atalinda jenereta."

"Jana watu walicheka, Tajiri. Ulisikia."

"Nilisikia. Nami nilicheka." Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. "Lakini sikio limebaki moja, kijana. Siku likizimika nalo, tutakuwa Ubaruku tena, na safari hiyo hawatatupa udongo. Simfukuzi. Nambadilishia kazi."

"Atakaa kando ya jenereta na sikio lile lile moja?"

Hakuwa mtu mbaya, na alilosema kuhusu sikio halikuwa uongo. Lakini mimi nilijua kwamba kutoka hapo mpaka Mbeya hakuwa na mtu mwingine wa kushika maiki. Kulikuwa na mimi na Mzee tu.

"Basi mimi naondoka," nilisema.

"Unakwenda wapi?"

"Dodoma kwanza."

"Unanikimbia?"

"Naondoka tu, Tajiri."

Aliniangalia kama anayesikiliza iwapo kuna waya umelegea. Ukweli ni kwamba miguu ilikuwa imeanza kuniwasha tangu Igowole, jinsi inavyoniwasha mpaka leo nikikaa mahali mwaka mzima. Siwezi kujipa sifa yote. Lakini siku ile miguu na moyo vilikuwa na safari moja.

"Mwambie Mzee apande gari," alisema hatimaye. "Matangazo yanaanza saa tatu."

Mzee nilimkuta anakunja waya, anahesabu mafundo kwa kidole gumba huku amefumba macho. Nilisimama upande wa kulia, nikamweleza kwamba naondoka na maiki inabaki kwake. Hakunishukuru. Aliniuliza kama debe lazima liwe tupu kabisa, nikamwambia ndiyo, hata unga usiwemo. Aliniuliza redio ikiharibika atafanya nini. Nikamwambia betri zikiisha itakoroma kwanza, asiogope, abadilishe.

"Nyumbani kwenu watakuuliza redio iko wapi," alisema.

"Nitawaambia inafanya kazi Iringa."

Basi la Dodoma lilikuwa bado linangoja abiria nilipoisikia honi ikija kutoka Kihesa, kwanza mbali, kisha karibu, ya kulia na ya kushoto zikiwa sawa. "Leo jioni, picha nyingine. Waliocheka jana waje wapumzike, leo tunalia." Gari likapita stendi. Mwanamke mmoja muuza maandazi akainua mkono, akaamkia, na honi ikaitikia bila kuchelewa: "Kamwene, kamwene."

Mimi niliitikia pia, dirishani, kwa sauti ndogo. Abiria aliyekaa karibu nami akadhani namwamkia yeye, akaitikia, akasogeza mzigo wake ili nipate pa kuweka miguu. Basi likaondoka.